Vidonge Nilivyoviacha kwa Pupa

Nakumbuka Jumatatu niliyouza mlango wa mninga bila kubishana. Mteja alitaja bei yake, nikasema haya chukua, akachukua, akaondoka huku akigeuka nyuma mara mbili kuangalia kama namfuata. Mwanangu, mimi nauza milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa, pale Tabata kando ya barabara, na katika kazi hii muuzaji asiyebishana ama ameiba mali ama anaumwa. Mali ilikuwa yangu. Mke wangu aliposikia hakuuliza nimeuza kiasi gani. Aliuliza, "Baba Zuhura, unaumwa nini?"

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Wewe utasema huo si ujana. Subiri ufike, tutaongea.

Mama yangu alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Arobaini ikapita, watu wakarudi kwenye shughuli zao, mimi sikurudi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti dukani tangu asubuhi hadi adhuhuri, turubai halijafunguliwa. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Siku niliyomwambia mke wangu kwamba labda yeye na Zuhura wangepumzika kama mimi nisingekuwepo, alifunga duka saa ile ile akanipeleka hospitali. Tulichagua ya mbali, upande wa Temeke, tusije tukakutana na mtu wa Tabata. Kwenye foleni ya kliniki ya afya ya akili nikamkuta mteja wangu wa madirisha. Akasema amemsindikiza shemeji yake. Nikasema na mimi pia. Tukakaa pale nusu saa nzima, wasindikizaji wawili, mpaka wakaliita jina lake.

Daktari, mama wa makamo, aliniambia hii ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine. Akanipa vidonge vya kumeza kila siku, na akataka nirudi kila mwezi tuongee. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili vilevile. Mwezi wa pili nikabishana na mteja kuhusu bawaba nne mpaka akaniita mchawi, na mke wangu, aliyekuwa anasikiliza kutoka ndani, akafurahi kama nimemletea doti ya khanga. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna watu watakuambia dawa hizi ni ujinga. Mimi zilinirudisha kwangu.

Mwaka na nusu ukapita, niko mzima. Daktari akasema sasa tunaweza kuanza kuzipunguza.

"Tutakwenda kidogo kidogo. Miezi minne, pengine zaidi."

"Daktari, fanya mwezi mmoja."

"Baba, hapa si dukani."

"Basi miwili, tusisumbuane."

Akacheka. Akaandika minne.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na nilikosea kwa akili zangu zote. Kwetu bei ya kwanza haijawahi kuwa bei. Anayesema minne anajua moyoni mwake kwamba miwili inatosha, anangoja tu uonyeshe kwamba na wewe si mgeni mjini. Sikumwelewa yule mama kwamba alikuwa anasema kweli. Watu wanaosema kweli mara ya kwanza sikuwa nimewazoea.

Halafu ikaja habari ya posa. Binti yangu Zuhura alikuwa anafundisha chekechea, na kijana mmoja wa Mbezi Luis, Idrisa, akawa amempenda. Wazee wake wakatuma ujumbe kwamba baada ya wiki tatu wataleta barua. Nikaanza kuona mambo ambayo hayajatokea. Nikamwona shangazi wa Idrisa anaingia ndani kutafuta maji, anafungua kabati, anakuta paketi zangu. Nikasikia wanavyorudi Mbezi wakiulizana: kumbe baba yake yuko vile, na kama ni ya ukoo je? Nikaapa kwamba siku hiyo nyumbani mwangu hakutakuwa na kidonge hata kimoja.

Siku tatu nikameza nusu. Siku tatu nikameza robo, niliyoikata kwa patasi ya kuchimbia bawaba. Siku tatu nikameza vumbi lililobaki. Kisha nikavihesabu vilivyosalia, thelathini na kimoja, nikavihesabu tena, thelathini na kimoja, nikavitumbukiza chooni. Mke wangu sikumwambia. Siku mbili nilijiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Siku ya tatu nikageuza macho kumwangalia mtu aliyekuwa ananisalimia, nikapigwa shoti. Siyo mkononi, kichwani, ndani kabisa, kama umeme umekatika na kurudi kabla hujasema lo. Ikawa kila nikigeuza macho, shoti. Kizunguzungu. Kichefuchefu. Jasho asubuhi nimekaa kivulini. Ndoto zikawa ndefu na za kelele mpaka naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikalia kwa sababu ya tangazo la sabuni redioni. Mke wangu akiniuliza chai iongezwe sukari, nang'aka kama ameniuliza nimemuua nani. Nikaenda kupima malaria. Hakuna. Nikaenda kupima kwingine, maana kipimo kimoja sikiamini. Hakuna.

Nikajua basi, ule ugonjwa umerudi. Hilo liliniogopesha kuliko shoti zenyewe.

Jumamosi ya posa wakaja baada ya alasiri: mjomba wa Idrisa, Mzee Shabani, na wazee wengine wawili. Kwa kawaida kuwapokea ni kazi ya wajomba, lakini mimi nilikuwa nimejipa mwenyewe, kwa sababu nani mjini hapa anabishana kunizidi? Unajua inavyokuwa. Wao wanazunguka, ninyi mnajifanya hamwelewi, watu wanacheka, barua inatolewa.

Mzee Shabani akakohoa. "Sie tulikuwa tunapita zetu, tukaona humu kuna ua. Tukasema tuingie tumuulize mwenyewe."

Ilikuwa zamu yangu. Wote wakanigeukia wakingoja utani. Nikageuza macho kumtazama, shoti ikanipiga, mzee mmoja kati ya wale wawili akacheka kidogo, na mimi nikaona ananicheka.

"Mmekuja kuposa au mnauza maua?" nikasema. "Semeni shida yenu mwondoke."

Hakuna aliyecheka. Nikasimama ili nirekebishe, chumba kikainama, nikashika ukuta, na pale pale, mbele ya wazee wa watu, nikaanza kulia. Siyo chozi la mtu mzima la kufuta kwa kidole. Kulia.

Mzee Shabani aliirudisha barua mfukoni taratibu. "Tutapita siku nyingine, mwenzetu hayuko vizuri." Wakavaa viatu wakaondoka.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwenye ushungi wake mpya. Hakupiga kelele. "Baba, umeacha dawa."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Mie nilikuagiza?"

Nikamgeukia mama yake, nikamwambia yote.

Jumatatu nikaenda Temeke na mke wangu. Kabla ya kufika kwa daktari unapita kwa Sista Agripina, muuguzi mzee kutoka Songea, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu na hakuwa na sababu tena ya kumpendeza mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anasoma kadi yangu.

"Daktari ameandika miezi minne. Wewe umetumia muda gani?"

"Siku tisa."

"Nani alikuambia tisa?"

"Nilipiga hesabu."

"Nani alikufundisha hesabu?"

Mke wangu akatazama dirishani. Nikamweleza shoti zilivyoanza siku ya tatu, na kichefuchefu, na kizunguzungu. "Sista, ugonjwa umerudi."

Akaweka kadi chini. "Mara ya kwanza ulikujaje?"

"Polepole. Miezi."

"Ulipigwa shoti kichwani?"

"Hapana."

"Kichefuchefu? Kizunguzungu?"

"Hapana."

"Sasa huu umekuja siku ya tatu, na shoti, na kichefuchefu. Baba, mwili wako ulishaizoea dawa. Umeinyang'anya ghafla, unapiga kelele. Huo ni mwili unadai, siyo sonona. Lakini ungeendelea kunyamaza na kujificha, sonona yenyewe nayo ingeweza kurudi nyuma yake, na hapo tungekuwa na mawili." Kisha akanitazama sawasawa. "Na mawazo yale ya kwamba wangepumzika kama usingekuwepo?"

"Hayajaja."

"Yakija, unamwambia mama huyu na mnakuja siku hiyo hiyo. Siyo kesho yake."

Nilitaka kuonyesha nimeelewa. "Ni kama kutoa fremu kwenye ukuta wa zamani, Sista. Ukiivuta kwa mtaimbo unabomoa na..."

"Habari za fremu sizijui. Ingia kwa daktari."

Daktari alinirudisha kwenye kiasi nilichokuwa nacho mwanzo. Shoti zikapungua ndani ya siku chache, na wiki ya pili niliweza kugeuza macho bila kujiandaa. Lakini Idrisa hakuwa ametuma neno, na Zuhura alikuwa anakwenda kazini na kurudi bila kuniuliza kitu. Kwetu baba wa binti hawafuati waliokuja kuposa. Wao ndio wanaokuja. Nikavunja utaratibu. Nikamchukua mke wangu, nikachukua na paketi ya dawa, tukaenda Mbezi Luis.

Wakatukaribisha kwa adabu ya watu ambao hawajaamua. Nikaweka paketi juu ya meza, karibu na birika.

"Hizi ndizo nilizokuwa nawaficha," nikasema. Nikawasimulia kila kitu, siku tisa, choo, shoti, hata Sista Agripina.

Mzee Shabani akashusha pumzi. "Kumbe! Sie tulifikiri umepata mkwe mwenye nazo zaidi, unatafuta sababu."

"Ningempata, ningebishana naye kwanza."

Akacheka, lakini hakuliacha. "Nikuulize kama mwanamume. Ni ya ukoo?"

Swali lenyewe hilo, lile nililotupa vidonge thelathini na kimoja nisiulizwe. "Sijui," nikasema. "Na daktari hanihakikishii. Ninachojua ni kwamba inatibika, na kwamba nimetibiwa."

Mama yake Idrisa, Bi Mwanaidi, akaichukua ile paketi, akaigeuza, akaisogeza mbali kidogo ili asome maandishi.

"Unazimeza kabla ya kula au baada?"

"Baada."

"Mie za presha nameza kabla. Niliwahi kuziacha nikijiona nimepona, nikaanguka sokoni na ndoo ya dagaa." Akamgeukia kaka yake. "Barua iko wapi, Shabani? Jumamosi unaipeleka."

Nikaanza kupunguza upya miezi mitatu baadaye, na safari hii sikubishana. Daktari alipunguza kipande, tukakaa wiki nne, tukapunguza tena. Vyangu vilikuwa na mstari katikati, vinakatika. Si vyote vinakatwa, kwa hiyo uliza kwanza. Mke wangu aliweka daftari: tarehe, kiasi, nimeamkaje. Mimi nilivihesabu mara mbili, yeye mara tatu, maana alishanijua. Niliwahi kupendekeza nimeze leo niruke kesho, nikaambiwa huko ni kuupandisha mwili na kuushusha kila siku. Hatua ya tatu shoti zikarudi, ndogondogo. Tukabaki pale pale wiki sita hadi zikatulia. Siku za kizunguzungu sikupanda ngazi wala kushika msumeno. Nilikula kwa saa, nilitembea asubuhi, kahawa nikaipunguza, na nikiona hasira inapanda nilisema, "Leo ni dawa, siyo ninyi," wakaniacha. Vile vipande vya mwisho, vidogo kabisa, ndivyo vilivyokuwa vigumu zaidi. Miezi minne ya daktari ikawa kumi.

Ndoa ilifungwa nikiwa kwenye nusu kidonge. Mchana, baada ya chakula, wakwe wote wamekaa mkekani, Zuhura akatoka kwa wanawake wenzake na hina yake yote mikononi na mapambo yote kichwani, akapita katikati ya watu na glasi ya maji.

"Baba, saa yako."

Nikameza mbele ya ukoo wa watu. Mzee Shabani akanisogezea tende.

Sasa nisikilize, mwanangu, unayetaka kuacha. Kutaka kuacha si kosa, na kubaki nazo si aibu. Lakini anza ukiwa umetulia, siyo kwa sababu wageni wanakuja. Nenda kwa aliyekuandikia, mkubaliane kiasi na muda, na muda akiutaja uchukue kama ulivyo. Mwili ukilalamika, usiamue peke yako kwamba umerogwa, una malaria au umeharibika. Rudi ukamwambie. Kurudi hatua moja nyuma si kushindwa. Na usimfiche mtu unayelala naye nyumba moja, kwa sababu atayalipia makosa yako bila kujua anayalipia nini. Mimi nilidhani namlinda binti yangu dhidi ya neno lile la ukoo. Neno lilipokuja kutamkwa, lilichukua dakika moja, na chai haikupoa.

Mwenyezi Mungu aupe mwili wako muda unaouhitaji. Akuwekee karibu mtu wa kukuuliza umeamkaje, na akupe ujasiri wa kumjibu kweli. Uishi, mwanangu, uone na wa kwako wakiolewa.