Mbili kwenye Kadi ya Mama

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila wiki, nilikuwa karani wa zahanati moja mjini Kigoma. Nilijaza kadi za wagonjwa, na mwandiko wangu ulisifiwa. Niliringa nao, mjinga mimi.

Daktari wetu alibandika ukutani karatasi ya kupimia kazi za mwili. Kukaa kimya ni moja. Kazi nyingine zote huhesabiwa zinakula nguvu mara ngapi ya kukaa huko: kufagia kama tatu, kupanda mlima na mzigo saba na zaidi. Mgonjwa wa moyo aliulizwa kazi zake, ndipo daktari ajue moyo unabebeshwa kiasi gani.

Nilimpeleka mama. Miguu ilikuwa imevimba, na pumzi ilimkatika hata akizungumza.

"Shikamoo, mama. Unafanya kazi gani?" daktari alimwuliza.

"Marahaba, baba. Sina kazi. Nipo tu nyumbani."

Kwetu kila mama hujibu hivyo. Kazi za nyumbani hazitajwi. Anayezitaja huonekana analalamika, hasa akiwa na wageni. Nami mtoto wake, niliyekunywa chai yake asubuhi hiyo, nikaandika: mbili, yaani kazi nyepesi. Sikudanganya, niliamini kabisa. Daktari akaisoma, akampa vidonge, akamwambia aendelee na shughuli zake hizo hizo, asizidishe tu.

Mama akatii.

Nyumba yetu ilikuwa Katonga, kwenye mteremko juu ya soko la samaki, na ndani walijaa jamaa zake kumi na mmoja waliokimbia vita Burundi. Jumapili iliyofuata nilimwona akipandisha ndoo kutoka ziwani, akisimama kila hatua chache na kujifanya anafunga kanga. Hiyo ni saba. Akaitua, akashika mchi, akatwanga muhogo. Sita. Kisha akateremka tena na ndoo tupu. Nilipiga hesabu nimesimama pale mlangoni.

"Mama, acha! Moyo wako hauwezi!"

"Mwana wanje, mwanangu, wageni wanywe nini? Tena daktari kasema niendelee."

Wageni walipotaka kumpokea ndoo aliwafukuza kwa ukali. Hakutaka waliofiwa na kila kitu waje kumtumikia. Jumatatu nilichota mwenyewe ndoo nne alfajiri, nikampigia magoti asitoke, nikakimbia zahanati. Daktari aliposikia alishika kichwa.

"Mlete sasa hivi. Asitembee, abebwe."

Nilirudi mbio. Ndoo nne hazikutosha kwa watu wote wale. Nilimkuta njiani, katikati ya mteremko, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mgeni mmoja aliyekuwa akilia. Ndoo ilikuwa kando, imetuliwa vizuri, imejaa. Niliita, nikamtikisa, nikamwomba msamaha kwa sauti mbele ya wauza dagaa. Alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake nilikwenda kuchukua kibali cha mazishi. Karani, kijana wa rika langu, aliuliza kazi ya marehemu. Nikamtajia zote: ndoo, mlima, mchi, kuni, kufua nguo za watu kumi na watatu. Nilimtajia na namba zake, machozi yakinidondoka mezani kwake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Kisha akainama, akaandika kwa mwandiko mzuri: Hana.