Kinu Kinachosaga Ofisini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kazi, Kitale. Mbele yangu alisimama mwanamume wa Bungoma, ameshika kipande chake, kile kikopo cha bati chenye cheti cha kazi tunachovaa shingoni.

"Bwana karani, natafuta kazi."

Karani akafungua kikopo, akasoma cheti. "Kazi uko nayo. Kinu cha mahindi, Endebess. Mwajiri hajaandika kwamba umetoka."

"Lakini kinu kimefungwa, bwana! Mzungu mwenye kinu alirudi kwao Ulaya. Mashine imeshika kutu."

"Hapa kwenye cheti inasaga. Bila sahihi yake hakuna mtu atakuandika. Mwambie atie sahihi."

"Nimwambie nikiwa wapi?"

Karani akaita anayefuata. Kila mmoja kwenye foleni akapapasa kipande chake, nami nikapapasa changu.

Basi mkiambiwa barazani kwamba vinu vya wilaya vinasaga na vijana wameajiriwa, msibishe. Mmoja wa hao walioajiriwa nilimwona kesho yake Kamukuywa, akiomba kibarua duka kwa duka, kazi yake ikining'inia shingoni.