Neno Nililoandika Nyamahanga

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Mradi alinikabidhi baiskeli, koti la mvua na bunda la fomu za Kiingereza. Nilikuwa bwana shamba kijana, mzaliwa wa Nyamiaga kule Ngara, nimetoka chuoni na kupangiwa Biharamulo. Mradi ule haupo tena. Kazi yetu ilikuwa tathmini ya chakula: kufika vijijini mvua zinapokosekana, kuingia kaya tano katika kila kitongoji, na kuandika hali yao kwa neno moja.

Maneno yenyewe yalikuwa manne. Msimamizi, mtu wa miwani minene, alinifundisha akihesabu vidole.

"'Adequate', chakula kinatosha. 'Shortage', kimepungua lakini watu wanakula. 'Scarcity', hata sokoni unakitafuta kwa tochi. 'Lack', hakuna kabisa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mkuu."

"Hujaelewa. Ukiandika 'shortage', wanaletewa barua ya pole. Ukiandika 'lack', wanaletewa lori la mahindi. Na lori ni moja. Sasa wewe andika 'lack', halafu mkaguzi aende akute sufuria inachemka! Utarudi kwenu Ngara ukachume kahawa. Andika ulichokiona kwa macho, si ulichoambiwa."

Kanuni hiyo siilaumu hata leo. Watu wakisikia kuna lori, wengine huficha magunia.

Mwaka ule jua lilichoma mahindi ya kijiji cha Nyamahanga kabla hayajabeba, na mihogo ikaoza ardhini kwa ugonjwa. Nilifika kwa Mzee Sebastiani na mkewe, Mama Leokadia, saa sita mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, bwana shamba. Pole na jua."

Nikauliza wanakula nini. Mzee alimtazama mkewe. "Tunakula. Tunamshukuru Mungu."

Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Kwa Wasubi wale, kama kwetu Wahangaza, mgeni haondoki na mdomo mkavu, wala mwenye nyumba hamwambii mgeni kwamba hana. Akaniletea sahani ya maharage. Wenyewe hawakuketi. "Sisi tumeshakula," alisema mzee, akasimama mlangoni. Mchuzi ulikuwa wa kijivu, na meno yangu yalisaga kitu kama vumbi. Nilikula nikamaliza. Kaya nne zilizobaki zilinilisha vilevile, kidogo kidogo. Nilikuwa nimeona kwa macho. Nikaandika "shortage", nikatia sahihi.

Lori lilikwenda kata nyingine.

Nilirudi mvua za kupandia zilipoanza. Jirani mmoja wa Mzee Sebastiani alinipokea njiani kwa sauti kubwa: "Karibu, bwana shamba! Leo tumepika fomu zako. Sema tu kama unataka na chumvi!" Waliokuwa karibu walicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Shamba la Mzee Sebastiani lilikuwa limelimwa lakini halikupandwa kitu. Mwenyewe alikuwa na wiki mbili kaburini. Mama Leokadia aliniambia kwamba miguu ya mzee ilianza kuvimba, kisha akashindwa kuinuka.

"Mama, mbona hamkupanda hata maharage?"

"Maharage yapi, mwanangu? Si uliyala wewe."

Hakusema kwa hasira. Ndipo nilipoelewa ule mchuzi wa kijivu. Maharage ya mbegu huhifadhiwa kwenye majivu ili yasiliwe na wadudu. Nilifundishwa hivyo chuoni, nami nilikuwa nikiwafundisha wakulima mikutanoni. Mtu mwenye chakula hapiki mbegu. Neno lilikuwa "lack", nami nilikuwa nalitafuna bila kulijua.

"Kwa nini hukuniambia huna?"

"Nimwambie mgeni sina? Sasa ungekula nini?"

Nilipanda baiskeli hadi kwa Msimamizi, nikamwomba abadilishe neno. Alivua miwani. "Fomu zilishakwenda. Na wewe uliandika ulichokiona."

"Niliona mbegu, mkuu."

Alifungua kabati, akanipa fomu za msimu uliofuata.

Tangu hapo, miaka yangu yote ya kazi, Biharamulo na baadaye Ngara, sikuanzia jikoni. Nilianza kwa kuomba kuonyeshwa mbegu. Nyumba isiyo na mbegu niliiandika "lack" hata kama sufuria ilikuwa inachemka, na wakaguzi walionigombeza niliwavumilia. Ninyi mnaofanya kazi hii leo mnajaza majibu kwenye simu. Ulizeni mbegu kwanza.

Sasa nimestaafu, na Mungu amenipa uzee wenye chakula. Ninamshukuru. Kosa lile nililiungama kwa padre, na ninaamini nimesamehewa. Lakini Jumapili inaposomwa Injili ya hukumu, habari za waliowalisha wenye njaa, wenzangu hujiuliza wamemlisha nani. Mimi humwona Mzee Sebastiani amesimama mlangoni, ananitazama nikila. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai na chapati mbili. Sikuwa na njaa.