Anayesikiliza visima vya bohari ya mafuta

Saa moja asubuhi, Anatolia Kaijage anapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa umande na kufungua kifuniko cha bomba lililosimama ardhini. Hewa inatoka kwa mluzi mdogo, kama mtu anayeshusha pumzi.

"Mvua inakuja," anasema. "Visima hivi hupumua kabla ya mvua. Siku ya kwanza nilikimbia."

Hapa ni nje kidogo ya mji wa Muleba, palipokuwa bohari ya mafuta. Pande zote kuna vibanja vya migomba na kahawa vilivyojaa kelele za ndege. Ndani ya uzio hatui ndege hata mmoja.

Anatolia, 49, mkulima na mama wa watoto wanne, kwa miaka sita amekuwa mpimaji wa visima vinane vilivyochimbwa kuchunguza maji ya ardhini. Hushusha utepe wenye kifaa mwishoni. Kikigusa maji, hulia kwa kukatakata. Kikigusa mafuta, hulia mfululizo. Kila baada ya miezi mitatu huchota pia sampuli za kupelekwa maabara.

Bohari ilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita, mmiliki wake akaondoka. Wa kwanza kugundua shida alikuwa ng'ombe.

"Ng'ombe wangu alifika kwenye chemchemi, akanusa maji, akasimama analia. Kesho yake hivyo hivyo. Sisi tulikuwa bado tunakunywa."

Baadaye maharage yalipochemka, harufu ya mafuta ya taa ikajaa nyumba. Chemchemi ikafungwa. Tangu hapo kaya zaidi ya sitini hufuata maji mwendo wa saa nzima, kilima kwa kilima.

Miaka mitatu iliyopita, visima vyote vilikuwa safi mara tatu mfululizo. Ilibaki mara moja tu, uchunguzi wa eneo ufungwe rasmi na chemchemi ifunguliwe. Watu wakaanza kufyeka njia ya kwendea. Ndipo mvua ya masika ikashuka, maji ya ardhini yakapanda, na kifaa kikalia mfululizo kwenye kisima namba sita.

"Nilidhani kimeharibika. Nikakivuta, nikakifuta, nikakishusha tena. Sauti ile ile. Nilihisi kama kuna mtu kule chini ameshika utepe."

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Audax Rutaihwa, alikuwa amesimama kwenye uzio.

"Nilimwambia, Anatolia waitu, mwanetu, andika safi. Watu wamechoka," anakiri leo. "Akaniuliza, 'Tata, baba yangu, wajukuu zako si watakunywa hapo hapo?'"

Anatolia aliandika alichosikia. Kwa wiki kadhaa wanawake waliopishana naye na ndoo kichwani hawakumsalimu. Hata mama mkwe wake alinuna.

Dastan, mtaalamu wa maji ya ardhini kutoka Bukoba, aliitwa. Michoro ya bohari ilionyesha matangi mawili, nayo yalishatolewa. Lakini kifaa chake cha kutafuta chuma kililia ndani ya kibanda ambamo Anatolia hutunza vifaa. Wakavunja sakafu. Chini kulikuwa na tangi la tatu, limeoza kwa kutu, halijaandikwa popote.

"Miaka mitatu nilikula chakula cha mchana juu yake," anasema Anatolia. "Kiangazi nilikuwa nasikia kitu kinadondoka. Nilidhani ni paa, nikapanda kukagua bati."

Dastan hafichi. "Angeandika safi, tungefunga eneo na tangi likiwa chini, linavuja kuelekea kwenye chemchemi."

Tangi lilitolewa pamoja na udongo ulioharibika, na hesabu ikaanza upya. Sasa majibu yamekuwa safi mara tatu. Mara ya nne ni mwezi ujao, katikati ya masika.

"Tulishawahi kufika hapa," anasema Anatolia.

Kwenye kisima namba sita anashusha utepe polepole. Kifaa kinalia kwa kukatakata. Anaendelea kusikiliza muda mrefu kuliko kwenye visima vingine, kisha anaandika.

Eneo likifungwa, visima vyote vitajazwa saruji. Ameshaomba kazi hiyo.

"Nitavijaza mwenyewe, mpaka juu. Nimesikiliza ya chini vya kutosha," anasema, akifuta udongo magotini. "Nataka nirudi kuchuma kahawa yangu. Kazi ya kutazama juu."