Mwisho wa Kwenye TV

Usiniambie nilisinzia. Haya yalinipata mchana kweupe, nje ya wodi, nikiwa na chupa ya uji mkononi, na anayethibitisha ninaishi naye mpaka leo.

Dada yangu Mwikali aligongwa na bodaboda hapa mtaani kwetu Satellite, Nairobi, akalazwa hospitali huko Upper Hill bila fahamu. Nesi akanishauri niwe ninaongea naye, huenda anasikia. Sasa niongee nini na mtu asiyejibu? Nikateremka mjini, River Road, na kwa wauza vitabu vya mitumba nikapata riwaya ya ile tamthilia ya chombo cha angani tuliyokuwa tukiitazama pamoja. Sehemu ya mwisho hatukuiona. Ile tuliyowekewa kwenye flashi na jamaa wa duka la muvi ilikataa kufunguka. Mwikali alinuna siku nzima. Msichana fundi wa injini, kipenzi chake, alikuwa amepotelea nje ya chombo na kaka yake anamtafuta.

Basi nikawa ninamsomea kila nikienda kumwona. Nilipofika kurasa za mwisho nikazisoma kwanza kimoyomoyo. Yule fundi anafia mikononi mwa kaka yake, akimwita jina. Ningemsomeaje hayo? Nikafunga kitabu, nikatoka nacho kuketi kwenye benchi.

Hapo alikuwapo mzee mwenye koti la kijivu, anatafuna njugu. Akaniambia, "Pole." Nilipomgeukia nimuulize pole ya nini, chupa ikaniponyoka, uji wote ukanimwagikia mapajani. Niamini, pole ilitangulia uji.

"Hicho kitabu kimebadilisha mwisho," akasema. "Kwenye TV huyo fundi hafi."

"Umeiona mpaka mwisho?"

"Mimi huona zote mpaka mwisho. Na huyu wako wa ndani? Unataka yake iishe kama kitabu ama kama TV?"

Ningemtukana. Mtu gani hufanya mzaha wa aina hiyo hospitalini? Lakini suruali yangu ilikuwa bado inatiririka uji, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Kama TV," nikasema.

"Fikiria. Ya kitabu ni safi. Watu wanalia, wanazika, maisha yanaendelea."

"Mzee, nimesema TV."

Akakung'uta maganda ya njugu, akasimama. "Haya. Pole sana, kijana wangu."

Hajafika hata kwenye ngazi, nesi akatoka mbio: Mwikali amefungua macho. Mama alipopigiwa simu huko kijijini aliimba mpaka salio likaisha. Mimi niliingia nikilia, nikamshika mkono. Akaniangalia kwa adabu.

"Sasa," akasema. "Wewe ndio daktari?"

Madaktari wakasema itapita. Haikupita. Mama anamjua. Majirani anawajua, nyimbo zote za kanisani anazikumbuka. Ni mimi tu. Tunakaa nyumba moja, na usiku anafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo. Nimewahi kumsikia kwenye simu akimuuliza Mama, kwa sauti ya chini, "Na huyu jamaa atakaa hapa mpaka lini?" Iliniuma kuliko nilivyodhani maneno yanaweza kuuma.

Mwezi uliopita nilipata ile sehemu ya mwisho kwenye duka jingine. Nikaitazama sebuleni. Kaka anampata dada yake angani, anamrudisha ndani, dada anapumua. Anafungua macho, anamtazama kaka yake, anatabasamu. "Samahani," anasema, "unatafuta nani?" Basi, majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Sikujua Mwikali amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Alikuwa anafuta machozi.

"Maskini huyo kaka," akasema. Kisha akanitazama, akashangaa. "Na wewe, unalilia nini?"

Wewe unayenisikiliza, mtu usiyemjua akikupa pole na hujaumia popote, usimuulize ya nini. Chukua uji wako uondoke.