Saluti kwa Majangili wa Usinge

Je, msomaji, bunduki ikilia mgongoni kwako, mwili wako utafanya nini kabla akili haijaamka?

Juzi nilikuwa stesheni ya Tabora, nimetoka kuomba ukarani na kuambiwa "no vacancy" kabla sijafungua mdomo. Penye dirisha la tikiti alisimama askari kijana, tarbushi nyekundu, bunduki begani. Alikuwa anapelekwa Usinge kuwasaka majangili wa pembe za ndovu, watu wenye magobore na wasio na adabu. Shangazi yake aliyemsindikiza alikuwa akilia taratibu.

"Usihofu, shangazi," akamwambia. "Kule depo ya askari wametufunza mpaka mwili unajiendea wenyewe."

Hapo tairi la lori likapasuka nje, paa! Sote tukalala chini. Karani wa tikiti akazama mvunguni mwa meza. Na kweli, mwili wa askari ulijiendea wenyewe. Visigino vikagongana, kifua mbele, mkono ukapiga kitako cha bunduki: saluti safi, very smart, yeye peke yake wima stesheni nzima.

Shangazi akachungulia kutoka nyuma ya gunia la karanga. "Baba, na hao wa Usinge utawaamkia hivyo hivyo?"

"Ndivyo tulivyozoezwa," akajibu bila kupepesa macho.

Tulicheka, kisha gari moshi likaja likamchukua. Mafunzo hayakushindwa hata kidogo; kilichoingia ndicho kilichotoka. Basi, wakubwa wa depo, mrudisheni kijana huyo kwa gari la kwanza, mumzoeze kulala chini na kulenga, hata kama siku ya gwaride la Gavana mstari utapinda.