Jemadari Aliyefufuliwa kwa Sindano

Pale kiwandani, aliyekuwa hodari wa kujalidi vitabu ni mama mmoja mfupi, aproni yake imekakamaa kwa gundi. Kazi alifundishwa na kaka yake, ambaye miaka thelathini ya vumbi la karatasi ilimla mapafu ikamlaza kitandani.

Kilichomshika kaka duniani ni hadithi ya vitabu saba, ya majoka na falme zilizolaaniwa. Mtu mzima huyo, msimcheke. Dada alimletea nakala zilizoharibika, akazishona mwenyewe nyumbani. Ile ya kitabu cha tatu, mashine ilikuwa imekata mpaka namba za kurasa. Humo Jemadari, kipenzi cha kaka, alitumbukia korongoni akafa; kurasa chache mbele, huyo hapo, anakula na askari wake!

"Huyu mwandishi ni kiboko!" kaka alishangilia mpaka kikohozi kikamkaba. "Kamfufua, wala hatuambii kamfufuaje!"

Cha nne, cha tano, cha sita, Jemadari kimya. "Amejificha," kaka alisema. Hata daktari alipompa wiki chache tu za kuishi, kaka alijibu kwamba yeye hafi kabla Jemadari hajarudi.

Cha saba kilipoingia kiwandani, dada, ambaye hakuwa msomaji, alimwuliza msahihishaji Jemadari anarudi ukurasa wa ngapi.

"Jemadari yupi tena, mama? Si alikufa cha tatu? Humu wanaokota mifupa yake."

Dada akakimbilia stoo, akafungua nakala nzima ya kitabu cha tatu. Kitabu hushonwa kwa mikunjo, kila mkunjo kurasa kumi na sita, naye alikuwa ametanguliza wa tisa mbele ya wa nane. Kifo kikaja kabla ya chakula. Aliona aibu, lakini woga ulizidi: angemwambiaje mgonjwa kwamba tumaini lake lote ni kosa la sindano?

Hakumwambia. Kwenye cha saba alichomoa mkunjo wa mifupa, akakata namba za kurasa makusudi, akashona kilichobaki.

Jumapili mchana kaka alimaliza kusoma. Akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wa kitabu, polepole, kama zamani alipokuwa akimkagua kazi.

"Mdogo wangu, hapa pana mkunjo mmoja pungufu."

Dada akashika mfuko wa aproni yake.

"Na cha tatu ulikipanga vibaya. Nilijua siku ileile. Si mimi niliyekufundisha?"

"Sasa mbona ulishangilia, kaka?"

"Nilikuwa namhitaji." Akakohoa sana. "Sasa nimechoka kumsubiri. Uko wapi huo uliouchomoa?"

Ulikuwa mfukoni mwa aproni, wiki nzima. Dada akausoma kwa sauti, akikwamakwama: jinsi walivyoikuta mifupa korongoni, wakamtambua Jemadari kwa buti zake, wakamzika.

"Rudia hapo walipomzika," kaka alisema, macho ameyafumba.

Akarudia. Kaka akainua kidole, yaani tena. Mara ya tatu alisoma mpaka mwisho, na kidole hakikuinuka.